Ibuprofeni pamoja na aspirini, tumbo linawaka: kubadili aina ya kidonge kunasaidia?

Nuru_M

Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaozijua vizuri dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Mgonjwa ni mama yangu, miaka 67, kilo 58, magoti yamelika. Anameza ibuprofeni ya miligramu 400 asubuhi, mchana na usiku, na hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi anameza pia aspirini ya miligramu 75 aliyoandikiwa na daktari wa moyo. Sasa tumbo linamuwaka juu ya kitovu, anabeua sana, na hamu ya kula imepungua. Hajatapika, na choo ni cha kawaida.

Ushauri tunaopewa ni wa kila namna. Wapo wanaosema ale ashibe kwanza ndipo ameze. Wengine wanasema ahamie diklofenaki yenye ganda linaloyeyukia utumboni, au achomwe sindano ili dawa isipite tumboni kabisa. Wengine wanasema aendelee tu na ibuprofeni, ila anywe dawa ya maji ya kiungulia. Upi kati ya huu una ukweli? Na parasetamoli, kwa upande wa tumbo, ni salama kiasi gani?

Mfamasia_wa_Zamu

Mfikishie mama shikamoo zangu, Nuru.

Nianze na la haraka. Ibuprofeni isimame leo. Aspirini asiiache kwa uamuzi wenu wa nyumbani: kama aliandikiwa baada ya shambulio la moyo, kiharusi, au kuwekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo, kuikatisha ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa kuliko ya kidonda cha tumbo. Uamuzi huo ni wa daktari wake, naye apewe taarifa ya tumbo hili ndani ya siku moja au mbili. Msisubiri miadi ya mwezi ujao.

Sasa hoja zenyewe. Zote zimesimama juu ya dhana moja, kwamba kidonge huumiza tumbo kwa kuligusa. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo. Aspirini na ibuprofeni ni asidi hafifu. Ndani ya tumbo, ambako asidi ni kali, hupenya kirahisi hadi kwenye seli za utando wa ndani, na zikishaingia humo hunaswa na kuziumiza seli hizo. Mguso huo ndio unaoleta mchomo na kichefuchefu muda mfupi baada ya kumeza, na ndio unaopunguzwa na chakula.

Kidonda chenye kutoka damu, ambacho ndicho cha kuogopa, huja hasa kwa njia nyingine. Dawa ikishaingia kwenye damu huzuia kimeng'enya kiitwacho COX-1, ambacho hutengeneza prostaglandini. Prostaglandini ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute mzito, litoe bikaboneti ya kuzimua asidi iliyo karibu na utando, na kupeleka damu ya kutosha hapo ili seli zilizoharibika zibadilishwe haraka. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba kazi ile ile inayotuliza goti ndiyo inayolivua tumbo kinga yake, na dawa hufika huko kote kwa njia ya damu.

Ukishaelewa hapo, sindano inajibika yenyewe. Diklofenaki iliyochomwa kwenye msuli huingia kwenye damu, na damu hiyo hiyo hulisha ukuta wa tumbo. Ya kupachika njia ya haja kubwa ni vivyo hivyo, na juu yake inaweza kuleta muwasho na damu pale inapowekwa. Ganda linaloyeyukia utumboni huondoa ule mguso wa tumboni, basi. Aspirini yenye ganda haijaonekana kupunguza hatari ya kutokwa damu. Diklofenaki ina la ziada: sehemu yake hutolewa na ini pamoja na nyongo na kumiminwa tena kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo madhara yanaweza kutokea chini ambako kamera ya kawaida ya tumbo haifiki.

Kula kwanza ni kuzuri kwa kiungulia, lakini hakuzuii kidonda. Shida yake ni kwamba mtu asiposikia mchomo huona yuko salama, akaendelea kumeza wiki baada ya wiki. Dawa ya maji yenye magnesiamu na alumini ina kasoro ya namna hiyo hiyo. Huzimua asidi kwa muda mfupi na kuficha dalili, wakati kinga ya utando bado imezimwa. Magnesiamu huelekea kuharisha na alumini hufunga choo, ndiyo maana watengenezaji huziweka pamoja. Ikinywewa wakati mmoja na kidonge chenye ganda, ganda huyeyuka tumboni kabla ya wakati wake, hivyo zipishane kwa saa 2.

Kinachoamua hatari ni umri wa zaidi ya miaka 65, historia ya kidonda, ukubwa wa dozi, na dawa nyingine anazomeza mtu. Hapa nataja aspirini hata ile ndogo, warfarini ya kuzuia damu kuganda, prednisoloni ya kundi la steroidi, na dawa za sonona za kundi la fluoksetini na setralini. Mama tayari ana umri na ana aspirini. Halafu miligramu 400 mara tatu ni 1,200 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa cha kujinunulia bila cheti, na kwa maumivu hakitakiwi kuvuka siku 10 bila kuonana na mtaalamu. Naproksini, dawa nyingine ya maumivu ya kundi la ibuprofeni, haimwokoi pia. Mpaka wake wa kujinunulia ni miligramu 660 kwa siku, hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kwa tumbo haina huruma kuliko ibuprofeni.

Parasetamoli haizuii COX-1 ya tumboni kwa kiasi cha maana, kwa hiyo kwa tumbo ndiyo nyepesi kuliko zote hizi. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kwa mama wa umri huo, mimi ningesimama kwenye gramu 3. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku apunguziwe na mtaalamu, kwa sababu dozi ikizidi kinachoumia ni ini, na siku ya kwanza anaweza asisikie zaidi ya kichefuchefu. Lakini niseme ukweli: kwa goti lililolika, nguvu ya parasetamoli ni ndogo. Msiifanye sababu ya kuongeza vidonge.

Kipimo_Sahihi

Mfamasia amelimaliza suala la tumbo. Naongeza jambo linalosahaulika kwa wanaomeza aspirini ya moyo: ibuprofeni inaweza kuibatilisha.

Aspirini hufunga moja kwa moja COX-1 ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chembe sahani hazina kiini, haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya, kwa hiyo hubaki hazigandi vizuri hadi zife, siku 7 hadi 10. Ibuprofeni hukaa mahali pale pale lakini kwa muda tu, kisha huachia. Ikiwahi kukaa, aspirini inakuta mlango umefungwa, na kwa kuwa yenyewe hukaa kwenye damu muda mfupi sana, hutolewa mwilini bila kufanya kazi yake. Mgonjwa anabaki na hatari ya tumbo ya dawa zote mbili huku kinga ya moyo ikiwa pungufu.

Kwa anayehitaji ibuprofeni mara moja moja, utaratibu ni kumeza aspirini ya kawaida isiyo na ganda kwanza, kisha kusubiri angalau dakika 30 ndipo ameze ibuprofeni. Ikiwa ibuprofeni ilitangulia, zipite zaidi ya saa 8 ndipo ameze aspirini. Kwa aspirini yenye ganda hakuna muda wa kuaminika, kwa sababu huyeyuka kwa kuchelewa na kwa kubahatisha. Na kwa mtu anayemeza ibuprofeni mara tatu kila siku, kama mama, nafasi hiyo haipatikani kabisa.

Nuru_M

Ahsanteni sana, wote wawili. Ibuprofeni tumesimamisha juzi, na jana mama alionana na daktari. Himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) imekuwa 10.2. Ameandikiwa omeprazoli ya kupunguza asidi, miligramu 20, na vidonge vya madini ya chuma, na amepangiwa kipimo cha kamera wiki ijayo. Aspirini anaendelea nayo kwa sasa.

Nina maswali matatu. Omeprazoli imezwe saa ngapi hasa? Nimeambiwa chuma hufanya choo kiwe cheusi, sasa tutatofautishaje na choo cheusi cha damu? Na je, jeli ya kupaka ni salama kwa tumbo?

Muuguzi_wa_Kamera

Dada Nuru, hongereni kwa kuwahi. Himoglobini ya 10.2 kwa mwanamke ni pungufu, mpaka wa chini ni 12. Kwa mtu aliyekuwa kwenye ibuprofeni na aspirini, swali la kwanza ni kama damu imekuwa ikipotea kidogo kidogo bila kuonekana. Hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani: wengi wanaofika hospitali wakitoka damu tumboni hawakuwahi kusikia mchomo wowote kabla. Dawa za maumivu huficha pia maumivu ya kidonda chenyewe. Chuma kitasaidia mwili kutengeneza damu mpya, ila hakizuii inayopotea, ndiyo maana kamera ni muhimu hata akijisikia nafuu.

Choo cha chuma huwa cheusi chenye ukijani, kina umbo lake la kawaida au ni kigumu kidogo, na harufu haibadiliki sana. Choo cha damu iliyotoka juu huwa cheusi tititi, kinang'aa, kinanata kama lami, kilaini, na kina harufu kali ambayo aliyewahi kuisikia haisahau. Inatosha damu ya mililita 50 hadi 100 tumboni kukifanya choo kiwe hivyo, na kinaweza kubaki cheusi siku chache hata baada ya damu kusimama. Andikeni tarehe aliyoanza chuma. Weusi uliotangulia tarehe hiyo hautokani na chuma. Dawa za tumbo zenye bismathi nazo hufanya choo kuwa cheusi, na hata ulimi.

Mkiona choo cha kunata, matapishi ya damu au yenye chembe za kahawia iliyokolea, kizunguzungu akisimama, jasho baridi au moyo kwenda mbio, ni hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri miadi ya kamera. Maumivu makali ya ghafla na tumbo likawa gumu likiguswa ni dharura ya upasuaji, kwa kuwa kidonda kinaweza kuwa kimetoboa ukuta. Hapo asile, asinywe, wala asipewe kidonge chochote cha kutuliza.

Ulizeni pia kuhusu bakteria Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyo husababisha vidonda vya tumbo, na akikutana na dawa hizi kwa mtu mmoja hatari huongezeka. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi huonyesha maambukizi yaliyopo sasa, wakati kile cha damu kinaweza kuonyesha hata maambukizi yaliyokwisha. Kuna mtego mmoja: omeprazoli hufanya kipimo kikose bakteria waliopo, na kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4 kabla. Mama asiiache kwa ajili hiyo bila kuambiwa. Mjulisheni tu daktari kwamba ameshaianza, ajue namna ya kulisoma jibu likija bila bakteria.

Mfamasia_wa_Zamu

Omeprazoli: mara moja kwa siku, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula cha kwanza, kidonge kizima bila kutafuna wala kusaga. Hufunga pampu za asidi zilizo kazini, na pampu nyingi huamshwa na chakula, kwa hiyo akiimeza usiku baada ya kula anapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Msikate tamaa siku ya kwanza, huchukua siku kadhaa kufikia uwezo wake kamili. Kidonda kikithibitishwa, matibabu huwa ya wiki 8 hivi. Mtu aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kishindo kwa wiki moja au mbili. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, kumbe ni mwili unajirekebisha.

Mpaka wake pia mujue: hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, haulindi utumbo uliobaki. Anayemeza omeprazoli hajapata ruhusa ya kurudia ibuprofeni atakavyo. Famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, kwa dozi ya kawaida ni dhaifu zaidi kwa kuzuia vidonda vya tumboni. Ranitidini, ndugu yake, iliondolewa katika masoko mengi kati ya 2019 na 2020 kwa sababu ya uchafu uitwao NDMA, unaoshukiwa kuleta saratani, kwa hiyo pakiti ya zamani ikiwa bado ipo kabatini, isitumike. Misoprostoli hurudisha prostaglandini zenyewe lakini huharisha sana na hukaza mji wa mimba, kwa mjamzito ni hatari kabisa. Mtu anaweza pia kuwatajia dawa za kundi la selekoksibu, zilizotengenezwa ili zisiguse COX-1. Kwa tumbo ni nafuu, ila aspirini ikiongezwa nafuu hiyo hupungua sana, na upande wa moyo zinahitaji tahadhari. Mwenzake rofekoksibu iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya moyo. Hizo si za kujinunulia.

Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ndiyo ningeitaja ya kwanza kwa goti, ila mama aanze baada ya majibu ya kamera. Kipimo ni gramu 4 kwa goti moja, mara 4 kwa siku, na pakiti huja na kadi ya kupimia. Wengi hupaka kidole kimoja cha jeli wakasema haifanyi kazi. Kwa magoti mawili hiyo ni gramu 32 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mwili mzima. Damu hupata asilimia 6 hivi ya kile ambacho vidonge vingeingiza, kwa hiyo hatari ya tumbo hushuka sana ingawa haiishi kabisa. Ipakwe goti lote, asioge kwa saa moja, asiifunge kwa kitambaa kinachobana, asipake penye mchubuko, na anawe mikono. Inaweza kuchukua siku 7 kuonyesha kazi. Na, mbali na aspirini ya moyo aliyoandikiwa, asichanganye na kidonge chochote cha maumivu cha kundi la ibuprofeni na diklofenaki.

Mwandani_wa_Dozi

Hilo la kutochanganya ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu mchanganyiko huwa umejificha. Dawa nyingi za mafua na za kichwa zina parasetamoli, ibuprofeni au aspirini ndani yake bila jina hilo kuandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti. Geuza pakiti, soma sehemu ya viambato, linganisha na vidonge vilivyopo nyumbani. Jina la biashara halitoshi.

Kama daktari atahamia dawa yenye parasetamoli pamoja na kodeini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, tumbo litapata shida ya aina nyingine. Kodeini hupunguza mwendo wa utumbo, maji yanafyonzwa zaidi, choo kinakauka. Nyuzinyuzi peke yake haziwezi kuusukuma utumbo uliolegezwa namna hiyo, na zikiliwa nyingi bila maji huongeza kujaa. Kinachofaa ni dawa ya kuamsha utumbo tangu siku ya kwanza, kwa mfano bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, ambayo hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12. Isimezwe ndani ya saa moja na maziwa au dawa ya kuzimua asidi, ganda lake litapasukia tumboni na kuleta msokoto. Chuma anachomeza mama nacho hufunga choo kwa wengi, kwa hiyo viwili hivyo pamoja vitamlemea haraka. Akikaa siku 3 bila choo, aseme.

Parasetamoli ya kuyeyusha kwenye maji hushuka kirahisi, lakini kidonge kimoja kinaweza kuwa na sodiamu ya miligramu 400 hivi. Vidonge 6 kwa siku ni miligramu 2,400, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya 2,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Kwa mgonjwa wa moyo au wa presha, achukue kidonge cha kawaida.

Nuru_M

Nimeelewa, na pakiti zote za nyumbani nimezigeuza. Moja ya mafua ilikuwa na ibuprofeni ya miligramu 200, nimeiweka kando. Swali dogo la mwisho: mama hulalamika kidonge kinamkwama kifuani, hasa cha usiku. Ni sehemu ya ugonjwa huu?

Muuguzi_wa_Kamera

Mara nyingi ni namna ya kumeza, ila mwambieni daktari kabla ya kamera ili aangalie vizuri umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kidonge kikimezwa kwa funda moja la maji na mtu akalala hapo hapo, hukwama kwenye umio na kuyeyukia hapo. Aspirini inaweza kuchoma kidonda mahali hapo hapo, na vidonge vya chuma ni wabaya zaidi kwa hilo. Ameze akiwa amekaa wima au amesimama, anywe funda moja kabla ya kuweka kidonge mdomoni, kisha glasi nzima ya mililita 200 hadi 250, na asilale kwa angalau dakika 30. Vidonge vya usiku vihamishiwe saa ya chakula cha jioni badala ya saa ya kulala. Akianza kushindwa kumeza hata chakula, au kumeza kukiwa na maumivu kwa zaidi ya siku mbili, msisubiri wiki ijayo. Pigeni simu kwenye kitengo cha kamera, mweleze hivyo hivyo, na waombeni wamsogeze mbele.